Kengele ya Flora

24 Septemba 1780, Jumapili

Hugh, umeniachia kitabu hiki na kopo la wino uliouchemsha mwenyewe kwa maganda ya kokwa za msituni, ukaniambia, "Andika kila siku, hata mstari mmoja. Nikirudi nisome, nisije nikawa mgeni nyumbani kwangu." Haya, naandika. Ukikuta herufi zimepinda ujue binti yako Elspeth yuko mapajani ananinyang'anya kalamu.

Leo kura imepigwa bomani. Ofisa wa Mfalme tuliyemwasi, aliyeko ng'ambo ya milima, ametuma salamu kwamba tusipotulia atavuka aje awanyonge wanaume wetu na kutuchomea nyumba. Angenyamaza, labda mngevuna mahindi kwanza. Sasa kila mwenye bunduki anataka kumfuata kabla hajaja, hata wazee wasio na meno, ikabidi ipigwe kura ya nani abaki kutulinda. Punje nyeupe unakwenda, punje nyeusi unabaki. Mdogo wako Ninian alitia mkono kofiani akatoka na nyeusi. Akaitupa chini akaikanyaga.

Mama yako, Mama Grizel, hakumhurumia. "Mungu anajua kuchagua," alisema. "Kuku wangu walikuwa hawana mlinzi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nilicheka nao. Ninian naye alicheka, lakini masikio yalimwiva mekundu, hata lile la kushoto lililokufa tangu bunduki ilipompasukia.

25 Septemba

Mmeondoka. Ulirudi mara mbili, kwanza kuchukua kisu, halafu ukasema ukanda wa kengele ya Flora umelegea, ukaukaza. Ukanda ulikuwa mzima, Hugh. Sikulia mpaka mlipopita kona ya kijito.

26 Septemba

Mvua. Mama Grizel ameungua kidole akimimina risasi, akatukana, kisha akaomba toba.

28 Septemba

Nimekaa kizingitini nikisikiliza ng'ombe. Wewe umekulia huku porini, hujui kujifunza kulivyo kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba zenye ua na majirani. Huku tunawaachia ng'ombe msitu mzima na kuwafuata kwa sikio. Kengele ya ng'ombe wa Mzee Adair ni nyembamba, kama kijiko kwenye kikombe. Ya Flora, tangu uipige ribiti, inalia kama sufuria yenye ufa. Mbili, kimya, moja, halafu mtikiso wa kufukuza nzi. Huyo yuko chakulani.

Mama alinifundisha tena leo, kana kwamba sijasikia mara mia. "Ng'ombe hana safari, mwanangu. Anakula, anasimama, anakula. Mwenye safari ni mtu. Ukisikia kengele inatembea bila kusimama, usiifuate, na usiite. Waliomuua yule bwana wa kivukoni mwaka jana walimvua ng'ombe wake kengele, wakaitembeza mbele yake, naye akaifuata kama ndama."

"Na mtu akiwa na safari ya heri?" aliuliza Ninian, anamenya boga.

"Mtu wa heri anayetembea na mnyama huku porini huijaza kengele majani isilie. Hilo hata wewe ulifundishwa, kabla sikio halijafa."

Mama anasema sikio langu ndilo bora kuliko yote ya kijito hiki. Naandika hili kwa kujisifu, usiseme sikukuambia.

2 Oktoba

Flora hakurudi kukamuliwa.

3 Oktoba

Tumemtafuta Flora mpaka kwenye vichaka vya matete. Hakuna hata kinyesi. Elspeth amelia njaa, maana maziwa yangu yamekauka kabisa na uji hautaki.

5 Oktoba

Mzee Adair, jirani yetu wa chini ya kijito, ametuletea maziwa. Anapiga kelele tangu maili moja, kila mtu amsikie kwamba anatoa sadaka. "Jennet! Ng'ombe wenu amechoka kutawaliwa na wanawake, amekwenda vitani!" Ninian alimjibu, "Afadhali yeye alipata punje nyeupe." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mliyoondoka.

8 Oktoba, Jumapili

Tumeimba zaburi. Hakuna habari zenu. Ninian hakuimba.

Niseme kweli, Hugh, ndugu yako ananiudhi. Anafanya kazi, simnyimi haki yake. Mahindi ya upande wa kilima ameyavunja peke yake. Lakini kila neno kwake ni mzaha, na kila jambo analipima mara tatu kama mtu anayenunua farasi kilema. Wewe ungekuwa umeshamwona Flora.

10 Oktoba

Asubuhi tulikuwa shambani, mimi na Ninian. Nikasikia kengele ya Mzee Adair upande wa matete. Ti, ti, ti, ti. Haikusimama kula, haikutikisa nzi.

"Shemeji, yule si ng'ombe. Ni mtu."

Aligeuza sikio lake zima. "Wapi?"

"Pale matete yanapotikisika. Piga."

Aliinua bunduki, akalenga, kisha akaishusha. "Na kama ni Mzee Adair mwenyewe anamwongoza kwa kamba? Ng'ombe wa kuvutwa naye hutembea kama mtu."

"Mzee Adair? Angekuwa yeye, mbinguni wangeshamsikia!"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi tumbo langu ndilo liume," alisema. Tukasimama pale mpaka kengele ikaishilia mbali. Tukarudi kwenye mahindi. Nilimnunia mpaka jioni.

11 Oktoba

Mzee Adair ameuawa.

Amekutwa kwenye matete, amelala kifudifudi, amepigwa shoka. Kamba ya kumfungia ng'ombe bado ilikuwa mkononi. Alisikia kengele yake mwenyewe akaifuata, yeye aliyejua kanuni ile kabla mimi sijazaliwa. Ng'ombe wake tulimkuta mbele kidogo, amechinjwa, shingo tupu. Wengine wanasema ni Wacheroki, wenyeji wa nchi hii, wengine wanasema ni watu wa Mfalme waliojificha msituni. Nyayo ni za viatu vya ngozi laini, na viatu hivyo tunavaa sote. Mama alisema, "Tumekalia ardhi ya watu bila kukaribishwa, mlitaka watuletee mkate?" Mtu mmoja akamwambia anyamaze, naye akamwambia yule mtu anyamaze kwanza.

Tulimzika mchana. Mjane wake, Mama Isobel, aliuliza kama kuna aliyesikia chochote. Kila mtu akatazama chini. Ninian akafungua mdomo, na sikumngoja.

"Tulisikia," nilisema. "Jana asubuhi. Niliyaona matete yakitikisika, nikamwambia piga. Huyu hapa alisema tumbo lake ndilo liume. Haya, limeuma la nani?"

Nilisema hivyo mbele ya watu wote, Hugh, kaburi likiwa wazi. Hakuna aliyenikataza. Ninian alichukua sepetu akaanza kufukia, na nilipomwangalia usoni nilihisi raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi.

12 Oktoba

Tumehamia bomani sote. Kuku pia.

15 Oktoba

Ninian hafanyi mzaha tena. Jana aliniomba nimfundishe kusikiliza. "Wewe ndiye sikio," alisema. "Ukisema mtu, nitapiga. Sitauliza." Nilimwambia ndivyo inavyotakiwa.

18 Oktoba

MMESHINDA. Mpanda farasi amepita. Ofisa yule amekufa juu ya mlima wake, na jeshi lake lote limekufa au limetekwa. Amesoma majina ya watu wetu waliokufa na jina lako halimo. Nilimwambia arudie kusoma. Halimo. Mama Grizel amekaa chini kwenye matope na sketi yake ya Jumapili, hakutaka kuinuliwa.

Halafu yule mtu akanywa maziwa ya mgando, akatueleza mengine. Anasema mle juu, ukimtoa ofisa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyevuka bahari. Wote wa huku huku. Walikuwa wakitukanana kwa majina. Mtu alimpiga risasi mwanamume aliyekuwa akimwazima nyundo. Watu wetu walibandika karatasi kwenye kofia na wale walichomeka kijiti cha msonobari, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yao, karatasi na kijiti. Wengine waliokuwa wameinua mikono waliuawa vilevile.

Niliuliza, "Hawakuona kwamba wameinua mikono?"

"Kulikuwa na moshi, mama," alisema, akaomba maziwa mengine.

Nimeshtuka na sijui nifanye nini na mshtuko huu. Uko hai, hilo nimelishika. Lakini ukirudi nitakuuliza, nawe utanijibu.

21 Oktoba

Ninian amepiga kulungu katika ukungu kwa kusikia tu nilivyomwelekeza. Nilimpiga begani nikamwambia, "Sasa umekuwa mwanamume, shemeji." Mama alinitazama vibaya, sijui kwa nini.

24 Oktoba

Jalidi ya kwanza. Nyasi nyeupe, vidole havishiki kalamu.

27 Oktoba

Mahindi ya chini ya kijito bado yako shambani, na kulungu wanayamaliza. Kesho mimi na Ninian tutakwenda kuyavunja, nitawasha moto nyumbani kwetu tupashe mikono. Elspeth atabaki bomani na bibi yake. Wanasema watu wenu wameshaanza kushuka mlimani kwa makundi. Nimefua shati lako.

28 Oktoba

Umerudi.

1 Novemba

Nilisema nitaandika kila siku, na siku zimepita sijaandika. Nitaandika sasa, maana uliniambia nisije nikakuacha ukawa mgeni wa mambo ya nyumbani kwako.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, hatua kumi mbele huoni kitu. Niliwasha moto ndani, nikaujaza kuni mbichi kwa haraka ukafuka moshi mwingi. Tulianza mstari wa kwanza wa mahindi. Ninian alikuwa ameegemeza bunduki kwenye boga, karibu.

Nikasikia sufuria yenye ufa.

Moyo uliruka, Hugh. Nikasema, "Flora!" na nikapiga hatua mbili. Halafu nikasimama kwa sababu nilifundishwa kusimama. Nikasikiliza. Ko, ko, ko, ko. Ilikuwa inashuka njia ya kivukoni moja kwa moja, kuja kwetu. Haikusimama kula.

Ninian alikuwa ameshashika bunduki. "Inatembeaje?"

"Ni kengele ya Flora. Wamemuua, wamechukua kengele."

"Inatembeaje, shemeji?"

"Ina safari."

"Ng'ombe au mtu?"

Nilisikiliza tena. Nataka ujue kwamba nilisikiliza kwa uwezo wangu wote. Nilifumba macho.

"Mtu," nilisema.

Akanitazama. Mara moja tu. Alikuwa anangoja nimwambie kitu, na nadhani najua ni kitu gani, ni kile alichonifundisha yeye tarehe kumi nami nikakifanya cha kumfedhehesha makaburini. Alikuwa anangoja mtu mwingine aseme neno kamba. Sikulisema. Nilimwonyesha kwa kidole, kushoto kidogo, chini kidogo, kama kwa kulungu.

Akapiga.

Kengele iliruka, ikakimbia, ikasimama. Tulichutama, tukingoja risasi ya kujibu. Haikuja. Moshi wa baruti ulikuwa haujaondoka puani ndipo nikasikia: mbili, kimya, moja.

Ng'ombe anakula.

Ninian hakusikia, alikuwa amenigeuzia sikio bovu anashindilia baruti nyingine. Mimi nilikimbia. Alinishika sketi, ikachanika, nikakimbia. Flora nilimwona kwanza. Alikuwa mnene, ana matope hadi magotini, ana kamba shingoni, anakula nyasi zilizobaki chini ya ua wetu. Nikaifuata kamba kwa macho.

Ulikuwa umekaa. Ulikuwa na ndevu ambazo sikuwahi kukuona nazo. Mkono mmoja ulishika kamba na mwingine umejaa majani makavu, uliyoyatoa ndani ya kengele.

"Jennet," ulisema, "kwani hukumjua Flora?"

"Nilimjua."

"Nimemkuta kivukoni kwenye matete ya upande wa pili. Nilimjaza majani njia nzima, sikufanya ujinga." Ulikuwa unajitetea, Hugh, kama mtu aliyechelewa chakula. "Nilipoona moshi wa nyumbani ukitokeza juu ya ukungu ndipo nikayatoa. Nilitaka umsikie akija."

Hukujua habari ya Mzee Adair. Hukujua tumehamia bomani. Uliona moshi kwenye bomba lako na ukajua mke yuko ndani, na ilikuwa kweli, moto nilikuwa nimewasha mimi.

Ninian alitokea kwenye ukungu na bunduki. Alisimama. Sitaandika sauti aliyotoa.

Wewe ulimtazama ukamwambia, "Punje nyeusi, umejifunza kulenga." Ukacheka, na damu ikatoka.

Tulikubeba kwenye mlango, mlango wetu wenyewe, Ninian aliung'oa. Ulinishika kidole tu, mkono wote ulikushinda. Ukaniuliza, "Uliandika?"

"Kila siku."

"Nitasoma jioni."

Haikufika jioni. Mchana haukufika.

2 Novemba

Kuna jambo sikuandika jana. Tulipoingia bomani, Mama Grizel alikuja getini na Elspeth mgongoni. Alitazama mlango tuliobeba. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani?"

Ninian akasema, "Mimi."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyesema."

Alitutazama mmoja mmoja, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi ndiye niliyewafundisha." Akamshusha mtoto, akaenda kuchota maji ya kukuosha.

3 Novemba

Sijui chochote. Naona mikono yangu ikifanya kazi.

5 Novemba, Jumapili

Wanaume wote wamerudi. Wanakuja kunipa pole, wananiita dada, wananiambia ulivyokuwa juu ya mlima ule. Sitaki kusikia, na nasikia yote. Wanasema uliwazuia wenzako wasiwapige walioinua mikono, ukapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo swali langu limejibiwa na hukulijibu wewe.

Kapteni wenu amesema tutasema umekufa kwa majeraha ya vita, ndivyo itakavyosomwa kanisani, kwa heshima ya familia. Mama yako akasimama.

"Mwanangu alirudi mzima kutoka vitani. Amekufa akileta ng'ombe. Someni hivyo au msisome."

9 Novemba

Flora anatoa maziwa mengi. Elspeth anakunywa. Mimi siwezi. Ninian ameivua ile kengele akaitupa kijitoni.

14 Novemba

Leo Kapteni amekusanya watu bomani. Wanakwenda kuchoma vijiji vya Wacheroki kabla theluji haijafunga njia. Akataja wa kulipizwa. Akamtaja Mzee Adair. Kisha akasema, "Na Hugh Carrick, aliyepigwa risasi mlangoni pake." Watu wakapiga vitako vya bunduki chini, dum, dum.

Nilibaki nimetoa macho. Nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka kwake na sikuamini masikio yangu, haya masikio bora ya kijito kizima. Alijua. Wote walijua. Dum, dum.

Ninian alipenya katikati yao. Hakuwa na kofia.

"Risasi ilikuwa yangu," alisema.

"Tunajua, kijana, kaa chini," Kapteni alisema taratibu. "Hakuna anayekulaumu. Wao ndio waliotufanya tuwe hivi."

"Risasi nilimimina mwenyewe, bunduki ni yangu, na hapakuwa na Mcheroki karibu. Usichome nyumba ya mtu kwa jina la kaka yangu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mlinzi wa kuku." Hakuna aliyecheka. Nikasimama na mtoto, nikaenda kusimama karibu naye, kwa kuwa nilipaswa kuwa nimesimama pale tangu tarehe kumi na moja ya Oktoba. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia apige. Mtoeni Hugh kwenye hesabu yenu."

Walimtoa. Watakwenda vilevile, kesho alfajiri wanatoka. Ninian anabaki, na safari hii hapakuwa na kura.

15 Novemba

Wameondoka. Sikutoka kuwatazama.

20 Novemba

Mama amemlazimisha Ninian aingie kijitoni atafute kengele. Ameingia na barafu ikielea kando. "Ng'ombe bila kengele tutampoteza," Mama alisema, "na mtoto atakunywa nini, huzuni yako?" Ameitoa. Mama ameifunga shingoni mwa Flora kwa mikono yake, ukanda ule ule ulioukaza wewe.

21 Novemba

Mbili, kimya, moja. Nimetapika nyuma ya ghala.

26 Novemba

Tumerudi nyumbani. Mlango Ninian ameupachika tena. Kuna alama kwenye ubao, nimeisugua kwa mchanga na majivu, na bado iko.

30 Novemba

Kila siku Ninian ananiuliza, "Inatembeaje, shemeji?" Ninamjibu, "Anakula." Hatuzungumzi mengine, lakini hilo hatukosi.

Zamani nilidhani kupima jambo mara tatu ni woga. Nimeandika hapa, kurasa chache nyuma, unaweza kusoma mwenyewe. Mkeo alikuwa mjinga, Hugh, na ndugu yako alikuwa na akili, nami nikamwondolea akili ile kwa ulimi.

6 Desemba

Theluji nyepesi.

11 Desemba

Ukungu leo, ule ule. Flora alitoka asubuhi, na kufikia saa sita sikumsikia tena. Ninian alikuwa anachonga mpini, Mama anasokota uzi. Nikatoka kizingitini.

Ko, ko, ko, ko. Kutoka upande wa matete, kuja kwetu moja kwa moja.

Ninian alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Inatembeaje?"

Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. "Shemeji. Ng'ombe au mtu?"

"Mtu."

Akanyoosha mkono juu ya mlango akashika bunduki, na Mama akaacha kusokota. Ninian aliishika kidogo. Kisha akairudisha kwenye vigingi vyake, akanipita, akaingia kwenye ukungu mikono mitupu, akipiga kelele kwa nguvu zote, mpaka mbinguni wamsikie. "Nani? Nani huyo? Mimi Ninian Carrick! Sina bunduki! Nani huyo?"

Nilisimama. Kengele ilisimama. Nilingoja shoka, nilingoja risasi, nilishika mwimo wa mlango nikawa naomba bila maneno. Mama alikuja akasimama nami. Hatukumwita arudi.

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye ukungu, yenye hasira. "Nani mwingine atawarudishia ng'ombe wenu? Unanipigia kelele mimi kama kiziwi, kiziwi ni wewe!"

Alikuwa Mama Isobel, mjane wa Mzee Adair, na kamba mkononi, ile ile tuliyomkuta nayo mumewe. Ninian alimpokea kamba akamshika mkono. Walikuja pamoja, na Flora nyuma yao. Nilipomwona Ninian uso wake ulikuwa umelowa, na wangu pia.

Nimemkamua Flora. Elspeth amekunywa, Mama Isobel amekunywa, na mimi nimekunywa kwa mara ya kwanza.

Sasa ni jioni, wakati uliosema utasoma. Haya, soma. Mara zote tatu nilisema ni mtu, Hugh, na mara zote tatu alikuwa mtu.